Saa, Sikio na Hadithi Fupi Sana: Historia ya Usomaji wa Hadharani katika Meru na Embu

Utangulizi

Mwaka 1992, James Thomas, Denise Thomas na Tom Hazuka walitoa huko Marekani mkusanyo wa hadithi 72 zilizo fupi kuliko hadithi fupi za kawaida. Kipimo walichokichagua kilikuwa chepesi: hadithi iweze kukaa katika kurasa mbili zinazotazamana za jarida, yaani maneno 750 hivi, ili msomaji asilazimike kufungua ukurasa mwingine. Tangu hapo kipera hiki kimepata wahakiki wake, mashindano yake na nadharia zake, na aghalabu hujadiliwa kana kwamba ufupi ni jambo la karatasi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mashariki ya Mlima Kenya, yaani Meru, Tharaka, Embu na Mbeere, hadithi fupi sana ina historia tofauti. Huko ilipimwa kwa saa na kwa sikio, kwa kuwa ilitungwa ili isomwe au isemwe mbele ya watu, na mara nyingi aliyeamua mwisho wake alikuwa mtu mwingine kabisa asiye mtunzi.

Historia hiyo haijaandikwa kwa sababu wahakiki wetu, nasi tukiwamo, tumezoea kuanza kazi pale kitabu kinapotoka mitamboni. Kazi isiyochapishwa tunaiachia somo la fasihi simulizi, na somo hilo nalo huitaka iwe ya kale na isiwe na mtunzi anayejulikana. Hadithi iliyotungwa mwaka jana na mwalimu wa Runyenjes, ikasemwa na mwanafunzi mbele ya watu mia nne na kisha isichapishwe kamwe, haina mlango wa kuingilia katika mgawanyo huo.

Yafaa tuondoe kwanza dhana moja yenye mvuto. Ni rahisi kudai kwamba hadithi fupi sana ni mjukuu wa kitendawili, kwamba Wameru wana kirarire na majirani zao wana tungo zao za mafumbo, na kwamba kijana anayesimama jukwaani leo anaendeleza yaleyale ya mababu. Dai hilo hupendeza, hasa katika hotuba za kufungua tamasha. Hata hivyo, kirarire ni utungo unaoimbwa kwa majibizano, umefungamana na tohara ya wavulana, na una masharti kuhusu nani aimbe na nani asikie. Ukiutoa katika muktadha huo hubaki na maneno tu. Kitendawili nacho hudai jibu, ilhali hadithi fupi sana huharibika pindi inapojibiwa. Hatukatai kwamba nasaba ipo. Tunasema kwamba imepita katika taasisi kadhaa kabla ya kufika jukwaani, na kwamba taasisi hizo ndizo zilizoipa umbo tunaloliona.

Lugha na mitambo ya uchapaji

Serikali ya kikoloni ilifungua kituo chake Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Wamisionari walifuata upesi: Church Missionary Society huko Kigari mwaka 1910, mapadri wa Consolata huko Meru mwaka 1911, Wamethodisti huko Kaaga mwaka 1912, na Kanisa la Scotland huko Chogoria, ambako Dkt. Clive Irvine alianza kazi mwaka 1922. Kila misheni ilikuja na shule na zahanati, na kila moja ilibidi iamue watu watasoma kwa lugha gani. Uamuzi huo, ambao wakati ule ulionekana kuwa wa gharama na urahisi tu, umeathiri fasihi ya eneo hili kuliko nadharia yoyote iliyofundishwa baadaye katika vyuo vikuu.

Embu ilipewa vitabu vya Kikikuyu. Agano Jipya la Kikikuyu lilikuwa tayari mwaka 1926 na Biblia nzima mwaka 1951, na Muembu aliyejifunza kusoma alijifunza kwa lugha ya jirani yake. Lugha anayoielewa vizuri, ila si ile anayoitumia kumkemea mtoto. Kimeru kilipata maandishi yake na hatimaye Biblia yake katika miaka ya 1960, lakini msingi wake ulikuwa lahaja ya Imenti, na Mtharaka au Mchuka aliyekisoma alijua mara moja kwamba sauti inayozungumza si ya kwao. Agano Jipya la Kitharaka lilitoka mwaka 2001. Tofauti hizi huonekana ndogo kwa mtu wa mbali. Kwa anayetaka kuandika hadithi yenye mazungumzo ya watu wa kwao si ndogo hata kidogo, maana hajui aandike neno la mama yake au lile lililo kitabuni.

Basi mtunzi wa Embu hakuwa na mtambo uliongoja muswada wake. Hali hii haielezi kila kitu. Jamii nyingi zisizo na mitambo zimekuwa na tendi ndefu, na washairi wa pwani walitunga tenzi za mamia ya beti kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya mitambo ya misheni. Lakini pale ambapo shule imekwisha kuwafundisha watu kwamba kazi ya kweli ni ile iliyoandikwa, na kisha lugha yao isiandikwe, kinachobaki salama ni kile kinachoweza kubebwa kinywani na kumalizwa kabla ya kengele kulia.

Hata ukusanyaji wa fasihi simulizi ulifuata mkondo huohuo. H.S.K. Mwaniki aliwahoji wazee wa Embu na Mbeere na kutoa vitabu viwili muhimu mwaka 1973 na 1974, lakini alikuwa mwanahistoria na alitafuta historia. Wanjiku Mukabi Kabira na Karega Mutahi walitoa kitabu chao kuhusu fasihi simulizi ya Wagikuyu mwaka 1988. Waembu na Wambeere waliendelea kungoja hadi mwaka 1997, Ciarunji Chesaina alipochapisha mkusanyo na uchambuzi wake wa fasihi simulizi ya jamii hizo mbili. Kwa hiyo kizazi kizima cha walimu wa Embu kilifundisha somo la fasihi simulizi kwa mifano ya watu wengine.

Mwaka huohuo wa 1997 Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, alitoa diwani ya Mchezo wa Karata na tamthilia ya Natala kupitia kampuni ya Marimba. Miaka minne kabla ya hapo alikuwa amekamilisha tasnifu ya uzamifu kuhusu mofofonolojia ya Kitharaka. Inafaa kuyaweka mambo haya mawili pamoja. Mtu aliyeijua lugha yake hadi katika badiliko dogo kabisa la sauti alichagua kutunga kwa Kiswahili, na alichagua shairi huru lenye mishororo mifupi inayomwachia msomaji nafasi ya kuvuta pumzi. Wapo walioliona shairi hilo kuwa ni uasi dhidi ya mapokeo ya pwani tu, na mjadala wa vina na mizani umekula kurasa nyingi za majarida yetu. Sisi tunaona kwamba ni utungo uliokusudiwa kusemwa mbele ya watu ambao lugha yao ya kwanza haina vitabu, kwa lugha ya pili wanayoshiriki wote.

Ushahidi mbele ya karani

Kama tunatafuta masimulizi mafupi yaliyokuwa na uzito katika maisha ya watu wa eneo hili baada ya uhuru, basi mahali pa kutazama si motoni jioni. Ni kwenye kamati za ardhi. Sheria ya uamuzi wa umiliki wa ardhi ilipitishwa mwaka 1968, na Jack Glazier, katika kitabu chake cha 1985, ameeleza jinsi koo za Wambeere zilivyogeukia mapokeo yao ili kudai mashamba yaliyokuwa yakipimwa na kusajiliwa. Mzee alisimama mbele ya kamati akaeleza babu yake alitoka wapi, alivuka mto upi, nani alimkaribisha, na wapi alifyeka msitu wa kwanza. Upande wa pili ulisimama ukaeleza habari tofauti kuhusu mto uleule.

Glazier ni mwanaanthropolojia na shabaha yake ilikuwa ukoo na mali. Mhakiki wa fasihi anaweza kuuliza jingine: masimulizi hayo yalipata umbo gani? Simulizi la ukoo, ambalo nyumbani lingeweza kuchukua usiku mzima na kurudia nyimbo zake, hapa lilisemwa mchana, mbele ya mpinzani, na yupo mtu aliyekuwa akiliandika. Msimulizi wa hali hiyo hujifunza kuacha. Huacha wimbo, huacha mchepuko, huacha kila mhusika asiye na mpaka wa shamba nyuma yake. Hutafuta kitu kimoja kinachoshikika, mtini au kaburi au jiwe la kusagia, na hukitaja mwishoni ili kibaki masikioni mwa kamati. Hatusemi kwamba ushahidi huo ulikuwa wa kubuni, ingawa upande wa pili wa kesi ulisema hivyo kila mara. Tunasema kwamba watu wengi wa Mbeere, wakiwamo wasiojua kusoma, walipata katika miaka ile mafunzo makali ya usimulizi uliobanwa, na kwamba aliyeshindwa kusimulia aliweza kushindwa na shamba pia. Watoto wao ndio waliokuja kuwa walimu wa shule za miaka ya 1980.

Kibali

Kwa nini basi usomaji wa hadharani haukuota mizizi sokoni, kanisani au katika ukumbi wa mji? Hapa jibu ni la kisiasa zaidi kuliko la kifasihi. Hadi marekebisho ya mwaka 1997, sheria ya kudumisha utulivu wa umma ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kutoa au kunyima leseni ya mkutano wa hadhara. Mfano uliojulikana na kila mtu ulitoka Limuru. Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, ilianza kuonyeshwa Kamiriithu Oktoba 1977. Novemba leseni yake ikafutwa, Ngugi wa Thiong'o akakamatwa siku ya mwisho ya mwaka, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Mwalimu wa Kerugoya, Embu au Nkubu hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mtu aliyewakusanya wanakijiji ili awasomee kitu alichokitunga mwenyewe alipaswa kwanza kujiuliza chifu atakiitaje kikao hicho.

Mwaka huohuo wa 1982 Micere Githae Mugo alilazimika kuikimbia nchi. Alizaliwa Baricho mwaka 1942, wakati Kirinyaga ingali sehemu ya wilaya ya Embu, na alikuwa miongoni mwa watetezi hodari wa fikra kwamba utungo haukamiliki hadi hadhira iuitikie. Diwani yake mojawapo ilitoka mwaka 1994, akiwa uhamishoni. Alifundisha Zimbabwe na kisha Syracuse, Marekani, na hadi alipofariki mwaka 2023 alijulikana kwa kuugeuza kila mhadhara kuwa utendaji wa pamoja. Tungependa kujua usomaji wa hadharani katika Embu ungechukua sura gani iwapo mtu huyu angaliishi karibu katika miaka ya 1980. Swali hilo halina jibu, lakini ni swali la historia ya fasihi, na pengo lenyewe ni sehemu ya historia hiyo.

Maktaba za umma hazikuweza kuziba pengo. Bodi ya maktaba ya taifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, nayo ina heshima yake katika kukuza usomaji. Lakini maktaba tulizozijua zilikuwa nyumba za kimya. Anayesoma kwa sauti huombwa atoke nje.

Jukwaa la shule

Iliyobaki ni shule. Tamasha la muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, likiwa la Wazungu, na tamasha la drama la shule lina chimbuko lake katika miaka ya 1950. Yote mawili yalirithiwa na serikali huru pamoja na kengele zake, karatasi zake za alama na ngazi zake: tarafa, wilaya, mkoa, taifa. Embu ikiwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, shule za Meru, Machakos, Kitui na hata Marsabit zilikutana katika mashindano ya mkoa huo. Kila mwaka, kwa idhini kamili ya serikali, mamia ya watu waliketi pamoja kusikiliza tungo mpya. Hakuna mkutano mwingine wa kifasihi uliokuwa na uhakika huo.

Mabadiliko ya mitaala yaliupa mkutano huo chakula. Waraka wa Oktoba 1968 wa Ngugi, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong ulidai fasihi simulizi iwe kitovu cha masomo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mkutano wa walimu uliofanyika Nairobi School mwaka 1974 ulitaka vivyo hivyo kwa shule za sekondari. Na mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na kufanyiwa mtihani wa kwanza wa KCSE mwaka 1989, uliifanya fasihi simulizi kuwa somo la kutahiniwa na Kiswahili kuwa lazima. Vitabu vya kufundishia vilikuwapo: cha Jane Nandwa na Austin Bukenya cha mwaka 1983, na cha Kavetsa Adagala na Wanjiku Mukabi Kabira cha mwaka 1985. Mwalimu aliyesoma vitabu hivyo chuoni alitumwa Kanyuambora au Marimanti, na mwaka wa kwanza akaambiwa atayarishe kitu cha tamasha.

Alichotayarisha kwa mwanafunzi mmoja ndicho kinachotuhusu. Tamthilia hutaka wahusika wengi, mavazi na basi la kuwabeba. Shule ya kutwa isiyo na fedha humpeleka mwanafunzi mmoja na simulizi moja la dakika chache. Kipera hiki kilizaliwa na umaskini, na yafaa lisemwe waziwazi, kwa kuwa wahakiki hupenda kukitafutia ufupi chanzo cha kifalsafa.

Masharti ya jukwaa yalikiumba kipera hicho kwa namna zinazoweza kuonyeshwa. Kwanza mwanzo. Fanani hana muda wa kuijenga dunia ya hadithi, kwa hiyo huanza katikati ya tukio, na fomyula ya "Paukwa! Pakawa!" au ya lugha ya mama huwekwa ili kulikamata sikio la ukumbi wenye kelele, huwa imepoteza kazi yake ya zamani ya kuitenga dunia ya hadithi na dunia ya kawaida. Wimbo, ambao katika ngano hurudiwa kila tukio linaporudi, huimbwa mara moja au mbili tu, na hivyo hugeuka kuwa kama alama ya aya. Wahusika hupungua hadi kufikia wawili, kwa sababu mwili mmoja una mabega mawili na fanani hubadili mhusika kwa kugeuza bega. Lakini badiliko kubwa zaidi liko mwishoni. Ngano hufunga kwa kuirejesha jamii mahali pake: zimwi hufa, msichana huolewa, funzo hutajwa. Simulizi la tamasha haliwezi kungoja hayo yote, na watunzi wazuri waligundua kwamba ukumbi hupiga makofi zaidi pale hadithi inapoachwa ikiwa imening'inia.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuketi mezani mwa waamuzi katika tamasha la ngazi ya wilaya, na kazi aliyopewa ilikuwa ya kengele. Msichana mmoja alisimulia habari za bibi kizee anayepanga foleni kila Jumatatu katika ofisi ya ardhi akiwa na udongo wa shamba lake katika mfuko wa sukari. Simulizi lilikuwa limefika pale karani anapomwuliza mfuko una nini. Saa ikafika, nami nikapiga kengele. Msichana alinyamaza, akainama, akaondoka. Ukumbi ulikaa kimya kiasi kwamba mwamuzi mkuu aliinua macho kutoka katika karatasi zake. Baadaye nilimwuliza mwalimu wake hadithi ilikuwa iishe vipi. Akanionyesha daftari, na nikaona kwamba zilibaki sentensi nane, zote za mawaidha kuhusu ufisadi. Msichana alipoteza alama kwa kutomaliza. Nimefundisha fasihi kwa miaka mingi tangu siku ile, na sijapata mfano bora zaidi wa kuwaonyesha wanafunzi mahali hadithi fupi sana inapopaswa kukoma.

Jukwaa la shule halikuwa huru moja kwa moja. Tamthilia mbili za shule ya Butere, ile iliyopigwa marufuku mwaka 2013 na ile iliyozuiwa mwaka 2025, zinaonyesha kwamba macho ya serikali yapo, ingawa mara zote mbili mahakama iliingilia kati. Lakini tamthilia huvuta macho hayo kuliko simulizi la mtu mmoja. Kinachosemwa katika dakika chache na mtoto asiye na mavazi ya jukwaani hupita kirahisi zaidi, na tunashuku kwamba baadhi ya watunzi wa Meru na Embu walilijua hilo vizuri sana.

Daftari na mtihani

Somo la fasihi simulizi lilimtuma mwanafunzi nyumbani akakusanye. Jambo hilo lilikuwa jema, na bila hilo tungezo nyingi zingepotea na wazee. Ila mwanafunzi mwenye kalamu huandika kiini cha tukio na kuacha miitikio ya wasikilizaji, vicheko, na maswali ya mtoto aliyeketi nyuma. Ngano ya saa nzima ikaingia daftarini ikiwa ukurasa mmoja. Mwalimu aliusahihisha ukurasa huo kana kwamba ndio ngano yenyewe, na mwaka uliofuata alipohitaji kitu cha tamasha alifungua daftari hilo. Ufupi uliosababishwa na uchovu wa mkono ukawa mtindo.

Mtihani wa Kiswahili uliongeza lake. Vitabu teule vya hadithi fupi viliwafikia wanafunzi wote wa sekondari: Mayai Waziri wa Maradhi na Hadithi Nyingine, uliochukua jina lake katika hadithi ya Euphrase Kezilahabi, kisha Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, na baada yake Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda mwaka 2016. Vikundi vya waigizaji vilizunguka shuleni kuvionyesha vitabu hivyo, na kwa wanafunzi wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia mtu mzima akisoma hadithi kwa sauti bila kuuliza maswali. Lakini swali linalopendwa na watahini ni la dondoo: mwanafunzi hupewa sentensi moja au mbili za mhusika, kisha huulizwa nani alisema, kwa nani, wapi, na kwa nini. Walimu hulilalamikia swali hili kwamba linavunja hadithi vipande vipande. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, kijana aliyezoeshwa kwa miaka minne kuona dunia nzima katika sentensi moja iliyong'olewa mahali pake amepata, bila kukusudiwa, mazoezi ya utunzi wa hadithi fupi sana. Tukisoma tungo za wanafunzi wetu wa shahada ya kwanza tunakutana na dondoo zisizo na kitabu, na baadhi yake ni nzuri mno.

Vyuo vipya

Hadi mwanzoni mwa karne hii, aliyetaka kusomea fasihi katika chuo kikuu alilazimika kuondoka eneo hili. Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya kilipata hati yake mwaka 2006. Kampasi ya Egerton iliyofunguliwa Chuka mwaka 2004 ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Embu ikafuata mwaka 2016. Kwa mara ya kwanza msomi wa fasihi, mwalimu wa tamasha na fanani wa miaka kumi na sita wanaweza kuishi katika mji mmoja. Redio nazo zimebadilika: Muuga FM hutangaza kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu, na Kiembu, lugha iliyonyimwa mtambo wa uchapaji, sasa husikika kutwa nzima. Usomaji wa jioni wa wanafunzi vyuoni umerithi kanuni za tamasha hata pale ambapo hakuna anayeshindania kikombe: kila msomaji hupewa dakika zake, na yupo mmoja anayetazama saa.

Idara zetu hazijatambua utajiri ulio mlangoni. Mwanafunzi wa uzamili anayependekeza kuchunguza masimulizi ya tamasha huulizwa matini yako wapi, na ni swali gumu kwake. Karatasi za waamuzi zina nafasi za sauti, ishara na mpangilio wa jukwaa, na baada ya matokeo kutangazwa hakuna anayelazimika kuzihifadhi. Kanda chache zilizorekodiwa ni za washindi wa taifa, hali kilicho hai zaidi husikika katika ngazi za chini, katika ukumbi wa kulia chakula wa shule fulani, saa tano asubuhi, harufu ya maharagwe ikitoka jikoni.

Palipo na matini ni katika madaftari ya walimu. Mtunzi halisi wa simulizi la tamasha mara nyingi ni mwalimu, na jina lake husomwa kwenye kipaza sauti mara moja kabla ya mwanafunzi kuanza, kisha husahaulika. Katika madaftari hayo hadithi imeandikwa kwa wino wa bluu, sehemu zilizofutwa zinaonekana bado, na pembeni zimo dakika na sekunde, maana mwalimu amempima mwanafunzi wake mara nyingi kabla ya siku yenyewe. Mwalimu akihamishwa, daftari huhama naye. Hadithi iliyosikika Runyenjes mwaka mmoja husikika Chuka mwaka unaofuata, mtoto mwingine akiisema, na mto Rupingazi umekuwa Nithi.